Sura ya Saba: Jani Lisilolowa

Tangu nianze kazi hii ya kuchunguza mambo ya watu, hajazaliwa wa kunidanganya. Waliozaliwa tayari ndio wengi: marehemu mume wangu, muuza mkaa wa pale kona, fundi saa, na paka wangu, ambaye kila asubuhi huniapia kwa macho kwamba hajala tangu jana. Lakini katika kesi ya jani sikudanganywa hata kidogo. Au tuseme nilidanganywa asubuhi tu. Ilipofika mchana nilikuwa nimeshaamka.

Ilikuwa Jumatatu. Mtoto wa kaka yangu alinipigia simu nikiwa bado nahesabiana na chai.

"Shangazi, njoo kazini kwetu. Leo nafukuzwa."

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Hao ndio hufukuzwa wa kwanza. Nakuja."

Ofisi yao ipo juu ya duka la mabomba na makoki. Unapanda ngazi za chuma, unavuta mlango wa kioo ulioandikwa "Sukuma", na pale mbele unamkuta Mama Mapokezi, mke wa Meneja, amejifunika shali kwa ajili ya kiyoyozi. Kiyoyozi chenyewe kiliwekwa kwa ajili ya kompyuta. Binadamu wanaruhusiwa kutumia baridi inayobaki.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona binti yangu kabla hamjamfukuza."

"Mimi simfukuzi mtu. Mimi nafungua mlango tu."

"Wa kuingia au wa kutoka?"

"Mlango wetu ni mmoja, mama." Akanisogezea kiti kwa huruma. Nilimpenda hapo hapo, na nasema mapema ili asije mtu akanilaumu baadaye.

Binti alikuwa kwenye kona yake, skrini mbili mbele yake, macho mekundu kama aliyemenya vitunguu vya shughuli nzima. Kazi yake ni kubana video. Watu wanapiga video nzito kama gunia, yeye anazibana mpaka zinakuwa nyepesi za kutosha kukaa kwenye tovuti na kufunguka upesi kwenye simu ya mtu, bila picha kuharibika.

"Ni ile ya shule ya kuogelea," akasema. "Imewekwa kwenye tovuti yao Jumamosi. Tazama mwenyewe."

Akafungua. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Nikapata nafasi ya kupangusa miwani, kuivaa, kuivua na kuivaa upya. Ndipo bwawa likatokea, maji yake yamevunjika vipande vipande kama sakafu ya vigae, na watoto wamo humo mfano wa sabuni zinazoelea. Picha ikaganda. Ikaruka. Ikaganda tena. Pale pembeni kulikuwa na jani la njano juu ya maji.

"Hii umeibana wewe?"

"Hii siyo yangu, Shangazi."

"Nani anasema ni yako?"

"Meneja. Anasema video zote hapa nabana mimi, kwa hiyo na mbovu ni yangu. Mwalimu mwenye ile shule anakuja leo baada ya chakula cha mchana. Meneja anataka kuniondoa mbele yake, mteja aone ofisi imechukua hatua."

Katika upelelezi wangu, swali la kwanza ni moja siku zote: huyu mtu atapoteza nini?

"Na kazi hii unaipenda?"

"Kuliko wachumba wote ulioniletea."

"Wale hata mimi sikuwapenda. Haya, nieleze unavyobana. Nieleze kama unamweleza mtu aliyeishia darasa la saba."

"Si ndiye wewe?"

"Ndiyo maana nakwambia usikosee."

Akacheka kidogo, na hilo lilikuwa lengo langu. Kisha akageuza kiti.

"Mchukulie mtu anayekusimulia sherehe kwa simu. Hakuelezi ukumbi kila mara. Anakwambia mara moja: ukuta mweupe, viti vyekundu, mapazia. Baada ya hapo anakwambia kilichobadilika tu. Fulani kaingia. Fulani kateleza. Ukuta hautajwi tena mpaka upakwe rangi. Kubana video ndiko huko. Kisichobadilika hakibebwi mara mbili."

"Na maji?"

"Maji ndiyo balaa. Yanabadilika yote, kila saa. Msimulizi anakosa pumzi. Ukimbana sana anaanza kubuni, anachora vigae pale palipokuwa na mawimbi. Ukimwachia sana video inakuwa nzito, mtu bando lake linakwisha mtoto hajafika upande wa pili. Alhamisi nilishinda na yale maji. Ukuta na ngazi nikavibana bila huruma, maji nikayaachia pumzi. Ikatoka nyepesi, safi, unaona mpaka tone kwenye kope."

"Na hii unajuaje siyo yako? Usiniambie moyo umekwambia. Moyo hauitwi shahidi."

Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Kila video ina orodha yake ya yaliyomo. Mashine nyingi huiacha mkiani, kwa hiyo simu inalazimika kuivuta video yote mpaka mwisho ndipo ijue pa kuanzia. Ndicho kile kiduara. Mimi orodha huitoa mkiani nikaiweka kichwani, kila video, hata ya kujaribia. Hii ipo mkiani. Halafu ni nzito kupita yangu. Halafu ina sauti. Za ukurasa wa mbele mimi huzing'oa sauti kabisa. Hakuna anayeisikia, ya nini kuibeba?"

"Basi waonyeshe yako, tumalize, nirudi kwenye chai."

"Haipo." Sauti ikamshuka. "Mteja akishakubali naweka kwenye folda ya pamoja, kama nilivyoweka Ijumaa mchana, na mwenzetu Kidevu anaichukua kuiweka kwenye tovuti. Ya kwangu naifuta, ndiyo sheria ya ofisi, mashine zimejaa. Sasa kwenye folda nakuta hii, kwa jina lile lile. Na ukurasa wa onyesho, ule ambamo mteja aliiangalia video akaikubali, umeshafungwa."

"Folda hiyo nani anaweza kuigusa?"

"Wote."

Wote ni neno baya sana katika kazi yetu. Nikajifunga kitambaa vizuri, nikaanza na aliyekuwa karibu.

Mpigapicha wao wanamwita Tripodi kwa sababu ya miguu yake, mirefu, myembamba na inayofunguka pasipo taarifa. Nilimkuta stoo anakunja nyaya, anazizungushia kiwiko.

"Wewe ndiye uliyeharibu bwawa la watu?"

"Bibi, mimi nilichota tu. Nilivyolikuta ndivyo nilivyolileta." Hakukasirika. Akachomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta, akanionyesha video kabla haijabanwa. Maji yalikuwa maji. Ungeweza kuoga.

Nikaliangalia kutoka pembe hadi pembe. "Mbona hapa jani halipo?"

"Jani gani?"

"La njano. Kwenye ile mbovu lipo linaelea."

"Bibi, bwawa lile lina paa. Lipo ndani ya jengo. Jani litoke wapi, lipande ngazi?"

Neno lile nikaliweka chini ya ulimi kama peremende. Kisha nikamwomba ampelekee binti kadi zake, aanze kuibana video upya, kwa sababu kulia siyo kazi ya siku nzima.

Wa pili Kidevu, fundi wa tovuti. Ndevu anazo nyingi, na siku ile shavu la kushoto lilikuwa limemvimba kama ameficha limau. Nikaona: huyu ndiye. Mwenye ndevu zile lazima anaficha kitu. Nikambana kwa swali.

"Uliichukua video ya binti ukaibana mara ya pili."

"Sijabana." Alikuwa anaongea upande mmoja wa mdomo.

"Kitu kikibanwa mara mbili kinaharibika."

"Kweli. Lakini mimi ni mpakuzi, Bibi. Chungu kikiletwa kimeungua, napakua kilichoungua."

"Na hukuonja?"

"Nilionja. Jumamosi asubuhi, niliona ni mbovu. Nikampelekea Meneja aangalie, akasema kwake inaonekana safi, niweke. Nikaweka, sauti nikaizima kwenye ukurasa kama siku zote, nikaenda kulala na jino langu."

"Jino gani?"

"Nililong'oa Ijumaa mchana!"

Nilikuwa nimeshainuka kumtangaza. Kwa kweli nilikuwa nimeshamtangaza, kwa sauti, mbele ya Mama Mapokezi, kwamba mhalifu amepatikana na ana ndevu. Mama Mapokezi akaweka kalamu chini.

"Siyo yeye, mama. Ijumaa mchana nilimpakia mwenyewe kwenye teksi, analia. Na daktari ni mdogo wangu. Alinipigia kunieleza alivyomng'ata kidole."

"Sikumng'ata," akasema Kidevu. "Nilifunga mdomo yeye akiwa bado ndani."

Nikamwomba radhi. Akaikubali kwa shavu moja.

Kwa hiyo Ijumaa mchana binti aliweka video nzuri, na Jumamosi asubuhi Kidevu akaikuta mbovu. Mtu alibadilisha katikati hapo. Nikakaa na Mama Mapokezi tukaupanga mchana wa Ijumaa kama wanawake wawili wanaopanga vyombo.

"Binti aliondoka lini?"

"Alipomaliza. Alikuwa anaimba."

"Tripodi?"

"Harusini, kazini. Maharusi walimrudisha usiku akiwa na keki kwenye lenzi."

"Wewe?"

"Nilitoka mapema nikawahi saluni. Nilifunga mlango mwenyewe."

"Na mumeo?"

"Alikuwa kwenye mkutano, nje. Nilimpigia nikiwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, akaniambia yupo mkutanoni." Alisema hivyo wazi, hakutazama pembeni, hakugusa shali. Nimesikiliza waongo wengi maishani na nimelala kitanda kimoja na mmoja wao. Mama yule alikuwa anasema alichoambiwa.

Nikarudi kwa binti. Kwenye skrini moja alikuwa ameshaanza kuyapa maji pumzi upya, mdomo umebana ulimi, kama alivyokuwa akifunga viatu utotoni. Kwenye ya pili nikamwomba aniwekee ile mbovu tena.

Bwawa. Watoto. Jani. Mawimbi yanapiga, watoto wanarusha maji, jani limetulia tuli.

"Hili jani halilowi," nikasema.

"Shangazi, acha jani."

Picha ikabadilika, akaja mwalimu wa kuogelea, uso mkubwa, anatabasamu. Na shavuni kwake, karibu na pua, kitu cha njano.

"Simamisha!"

Akasimamisha.

"Jani lilikuwa majini. Sasa limempanda mwalimu shavuni. Nenda mbele." Ukaja mlango wa shule, umeandikwa karibuni, na jani lipo juu ya kitasa. "Binti yangu, majani nayajua. Nimefagia uwanja miaka na miaka. Jani linaloruka kutoka kwenye maji hadi kwenye mwalimu hadi mlangoni, na lisisogee hata kidogo kwenye kioo, hilo siyo jani."

Akalikuza. Likawa kubwa, likawa kubwa zaidi, kingo zake zimechakaa, lakini umbo halikukataa: ncha juu, mkia chini.

"Ni mshale," akasema taratibu. "Mshale wa kipanya." Kisha akapiga meza kwa furaha. "Shangazi! Mtu ameicheza video yangu kwenye skrini yake, akairekodi skrini! Ndiyo maana! Ni kama kupiga picha ya picha! Na mshale wake umeingia humo!"

"Kwa nini mtu afanye hivyo?"

"Kama hana faili lenyewe. Kama amebaki na ukurasa wa onyesho tu, na hajui kuitoa humo."

"Mwenye mshale hakuuona?"

"Ameuzoea. Mtu hasikii harufu ya nyumba yake."

Nikainuka. Nikazunguka ofisi nzima nikiomba kila mtu anionyeshe kwenye kompyuta kama mvua itanyesha. Tripodi ana mshale mweupe, mdogo. Kidevu ana mweusi. Mama Mapokezi ana mweupe, na mvua haikuwepo. Ukabaki mlango mmoja.

Meneja alikuwa anasoma simu, mkono ameunyoosha mbele yake wote. Kama Mungu angemwongezea kiwiko kingine angesoma vizuri zaidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Miwani yako iko wapi?"

"Sivai miwani. Macho yangu ni ya mwewe."

"Mwewe anajionaje leo?"

"Salama. Mama, kama umekuja kumwombea binti, naelewa, damu ni damu. Lakini kazi ni kazi."

"Sikuja kuomba. Nina maswali tu. Video ya bwawa uliiona lini mara ya mwisho kabla haijawekwa?"

"Kwenye onyesho, alipoiona mteja. Baada ya hapo sijaigusa mpaka Kidevu aliponionyesha."

"Na Ijumaa mchana?"

"Mkutanoni, nje. Muulize mke wangu."

"Nimemuuliza."

"Basi." Akaegemea, na kiti chake kikalia *kwii*, kama bata aliyekanyagwa mkia.

"Hebu nionyeshe kama mvua itanyesha."

Akashika kipanya. Kwenye skrini ukatokea mshale wa njano, mnene, mkubwa kama kiatu cha mtoto. Ukaogelea mpaka kwenye hali ya hewa.

"Jua," akasema.

"Naliona," nikasema.

Mwalimu wa kuogelea alifika akiwa amesimama wima kama bango, mabega mapana, sauti ya kuitia watoto walio upande wa pili wa maji. Tukakusanyika wote kwenye chumba cha maonyesho, chenye skrini kubwa ukutani. Meneja akakohoa, akaanza hotuba.

"Mwalimu, ofisi hii haina mzaha. Aliyefanya kosa hili leo..."

"Kwanza jani," akasema Mwalimu.

"Jani?"

"Tangu jana wazazi wananipigia. Wananiuliza kwa nini bwawa letu halifagiwi. Bwawa lina paa! Na mwingine kaniuliza kama nimeota chunjua."

"Mwalimu," nikasema, "mimi ni shangazi wa mtuhumiwa, kwa hiyo usiniamini. Amini macho yako."

Nikampa binti ishara. Kwanza akaweka ile mpya, kipande alichokuwa ameshakimaliza. Hakukuwa na kiduara. Aliigusa tu, maji yakaja. Mtoto akaibuka, akapuliza, na tone likabaki kwenye kope yake, likang'aa, likadondoka. Mwalimu akaachia mdomo wazi. Alikuwa na jino la dhahabu, na muda wote ule hatukujua.

"Hii ndiyo niliyoikubali," akasema. "Hii hasa."

"Na hii ndiyo uliyowekewa." Mbovu ikaja, na vigae vyake. Binti akalikuza jani, akalipeleka majini, akalipeleka shavuni, akalipeleka kitasani. Akaeleza mshale ni nini na umefikaje. Kisha nikaomba kompyuta ya Meneja iunganishwe na ile skrini kubwa. Kidevu akaunganisha, na pembeni ya jani ukasimama mshale wa njano, mnene. Kama pacha na pacha.

Tripodi akafunga miguu yake.

Hapo nilijiona mkubwa. Nilikuwa natafuta mahali pa kuinamisha kichwa nikapigiwa makofi. Kumbe Meneja hakuwa amemaliza.

"Kweli," akasema, amepoa kabisa. "Ni kompyuta yangu. Lakini kompyuta yangu haina neno la siri, kila mtu anajua. Mimi Ijumaa mchana sikuwepo. Nani alibaki mwisho na video hii? Binti. Aliiharibu, akaogopa, akaingia kwangu akairekodi upya. Leo ameibana vizuri kwa sababu leo anaangaliwa."

"Si kweli!" akasema binti.

"Mimi nilikuwa mkutanoni. Mke wangu shahidi."

Wote wakamgeukia Mama Mapokezi. Maskini, akavuta shali. "Ndiyo," akasema, hana raha. "Nilimpigia. Alikuwa mkutanoni."

Mwalimu akamtazama binti kwa namna mpya, namna nisiyoipenda. Mshale niliouokota mimi mwenyewe kwa mikono yangu ulikuwa umegeuka na sasa unamwelekea mtoto wa kaka yangu. Nikajiona mjinga, na nikajiona hivyo kwa haraka, maana muda ulikuwa mchache. Nikapekua yote niliyoambiwa tangu asubuhi. Orodha mkiani. Uzito.

"Binti," nikasema, "uliniambia hii video ina sauti?"

"Inayo."

"Na za kwako?"

"Nazing'oa."

"Kidevu, nawe uliizima kwenye ukurasa. Uliizima kabla ya kuisikiliza au baada?"

"Sijaisikiliza, Bibi. Za mbele hazisikilizwi."

"Kwa hiyo tangu izaliwe hakuna aliyeisikia ikiongea." Nikatafuta kiti nikakaa. "Ifungueni mdomo."

"Ya nini?" akasema Meneja upesi. "Mwalimu ana shughuli zake. Sauti haimo kwenye kazi."

"Nimekuja na muda," akasema Mwalimu.

Kidevu akapandisha sauti. Bwawa likaanza upya, vigae na sabuni zake. Kwanza tukasikia kiyoyozi kikivuma. Kisha, wazi kabisa, *kwii*.

Wote tulikitazama kile kiti cha Meneja kupitia mlango uliokuwa wazi.

Kisha sauti ya mwanamume, ya chini, ya mtu anayejisemesha: "Usafi, usafi... usafi gani sasa huu. Nafuta mafaili mazito, kumbe nimefuta na la bwawa. Sasa hii nayo... inarekodi au hairekodi? Hiki kitaa chekundu ndicho chenyewe? Sioni kitu."

"Mwewe," akanong'ona Tripodi.

Kwenye skrini Mwalimu alikuwa anatabasamu na chunjua lake. Ikalia simu, mlio wa jogoo. Hapo Meneja mwenyewe, aliye hai, akapapasa mfuko wake kwa mazoea, akaukuta umetulia, akaondoa mkono pole pole. Jogoo akawika mara ya pili, akakatizwa.

"Naam, mke wangu," ikasema video. "Siwezi kuongea, nipo mkutanoni... Nje, ndiyo. Mbali... Hapana, siwezi kuangalia hiyo sasa hivi, mama watoto. Huku nilipo hata kompyuta hakuna."

*Kwii.*

Watoto wakafika upande wa pili wa bwawa, wakaganda. Video ikaisha.

Binti alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, na safari hii hakuwa analia. Meneja alikuwa anaangalia ukuta, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuangalia, kama vile macho ya mwewe yameona kitu cha mbali sana.

Mama Mapokezi akavua shali. Akaikunja mara mbili, akaiweka mezani, akamgeukia mumewe kwa upole wote wa mtu wa mapokezi.

"Na mkutano," akamuuliza, "uliishaje?"